Jumba lisilo na dohani: maduka makubwa na hewa ya Minneapolis na Saint Paul

Je, duka laweza kuchafua hewa? Katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, jimboni Minnesota nchini Marekani, swali hilo liliwahi kuwa suala la kisheria, na historia yake inaigusa pia miji ya Afrika Mashariki.

Msikilizaji, kisa chenyewe kinaanzia Edina, kitongoji cha Minneapolis, tarehe 8 Oktoba 1956. Siku hiyo lilifunguliwa Southdale, jumba la kwanza la maduka nchini Marekani lililoezekwa lote na kudhibitiwa joto na baridi. Msanifu wake, Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna, alitaka watu wa vitongojini wapate mahali pa kutembea kwa miguu bila kusumbuliwa na theluji. Alikusudia pia pembeni pawe na nyumba, shule na bustani. Lakini kilicholizunguka jumba hilo kilikuwa hasa maegesho ya magari, na uzeeni Gruen aliushutumu mtindo aliouanzisha mwenyewe.

Mwaka 1970 Marekani ilipitisha Sheria ya Hewa Safi. Viwanda vilikuwa na dohani, na moshi wake uliweza kupimwa. Jumba la maduka halina dohani, ila huyaita magari kwa maelfu. Ndipo likazuka wazo la chanzo kisicho cha moja kwa moja: anayejenga kitu kinachovuta magari naye awajibike kwa moshi wa magari hayo. Wafanyabiashara walilipinga, na mwaka 1977 bunge la Marekani likaizuia serikali kuu kuyalazimisha majimbo kufuata utaratibu huo. Minnesota iliendelea nao kwa hiari yake.

Tathmini ilifanywaje? Wataalamu walikadiria magari yatakayokuja saa za msongamano, wakayagawa katika makutano ya barabara, kisha wakahesabu muda ambao yangesimama kwenye taa huku injini zikinguruma. Gesi iliyoogopwa zaidi ni kaboni monoksaidi, ambayo huinyima damu oksijeni. Kiwango cha juu kilichoruhusiwa ni sehemu 9 katika kila milioni kwa wastani wa saa 8. Majira ya baridi ndiyo yaliyokuwa mabaya zaidi, kwani injini baridi haiunguzi mafuta vizuri, na hewa nzito ya baridi hubaki chini pamoja na moshi.

Mfano mashuhuri ni makutano ya barabara za Snelling na University mjini Saint Paul, penye maduka na magari mengi, ambayo katika miaka ya 1980 yalijulikana kwa gesi hiyo. Kisha, tarehe 11 Agosti 1992, Mall of America ikafunguliwa huko Bloomington, palipokuwa na uwanja wa michezo uliobomolewa mwaka 1985. Ilikuwa na maegesho ya magari zaidi ya 12,000.

Hata hivyo, kaboni monoksaidi ilipungua. Mwaka 1999 serikali kuu ilikubali kwamba miji hiyo imetimiza kiwango. Sifa nyingi ziliendea vifaa vya kusafisha moshi ndani ya magari, petroli iliyochanganywa na ethanoli, na ukaguzi wa lazima wa moshi uliofanywa kuanzia 1991 hadi 1999. Baadaye Minnesota iliufuta utaratibu wa vibali vya majengo yanayovuta magari. Mwaka 2004 treni ya umeme ilifika Mall of America, na mwaka 2014 nyingine ikaanza kupita barabara ya University.

Lakini ushindi juu ya gesi moja haukuwa ushindi juu ya moshi wote. Chembechembe ndogo zinazopenya hadi ndani ya mapafu hazikuwa shabaha ya vibali vile. Tena, kila mradi ulipopimwa peke yake ulionekana mdogo, ilhali haba na haba hujaza kibaba.

Kenya, kwa sheria ya mwaka 1999, na Tanzania, kwa ile ya 2004, zinadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya miradi mikubwa kujengwa. Vumbi la ujenzi huisha jengo likikamilika. Moshi wa wateja huanza siku milango inapofunguliwa, na wanaouvuta zaidi ni wachuuzi, wapita njia na watoto wanaoishi kando ya barabara, ambao pengine hawaingii dukani kamwe. Tathmini inayokomea kwenye ukuta wa jengo huwaacha hao nje ya hesabu.