Siku moja Potsdam: karatasi mbili za wakimbizi

Mlituambia tusiwaletee picha za theluji tu, tuwaletee na historia. Haya, tumeleta.

Jumamosi moja sisi wanafunzi saba tulipanda treni kutoka Berlin mpaka Potsdam. Kila mgeni anakimbilia Sanssouci, kasri ya mfalme Friedrich wa Pili iliyojengwa kati ya 1745 na 1747. Na sisi tulienda. Watu wanaweka viazi juu ya kaburi lake, kwa sababu aliwahimiza wakulima kulima viazi. Tulicheka, tukapiga picha, tukaondoka.

Kilichotushika kilikuwa mjini, kwenye kanisa la duara la Wafaransa. Wafaransa walifuata nini huku? Mwaka 1685 mfalme wao, Louis wa 14, aliwafutia Waprotestanti haki ya kuabudu, wakakimbia kwa maelfu. Mwaka huohuo mtawala wa Brandenburg, Friedrich Wilhelm, akatoa amri hapo Potsdam ya kuwapokea. Walikuja kama 20,000.

Tuliposomewa yaliyomo kwenye amri tulinyamaza. Wachague wenyewe mji wa kukaa. Wapokelewe kwenye vyama vya mafundi bila malipo. Anayetengeneza nyumba iliyobomoka apewe mbao na chokaa bure. Sisi tuliokulia Nyarugusu, ambako kwenda Kasulu tu unaomba kibali, tuliomba tusomewe tena.

Lakini haikuwa huruma tupu, jamani. Vita vya miaka 30, vilivyoisha 1648, vilikuwa vimemaliza watu kule, na mtawala alihitaji mafundi na walipa kodi. Wenyeji nao walinung'unika kwamba wageni wanawaharibia kazi. Hiyo sauti tunaijua.

Mchana tukaenda Cecilienhof. Hapo ndipo Truman, Stalin na Churchill walipokaa kuanzia Julai 17, 1945, na kabla hawajamaliza Churchill akashindwa uchaguzi kwao, kiti chake akakaa Attlee. Waliamua mengi. Moja lilikuwa kwamba Wajerumani waliobaki Poland, Chekoslovakia na Hungaria wahamishiwe Ujerumani, kwa utaratibu na kwa ubinadamu. Ubinadamu gani? Wengi walikuwa wameshafukuzwa tayari, na wengi sana walikufa njiani kwa njaa, baridi na maradhi. Ukijumlisha waliokimbia na waliofukuzwa miaka ile, ni kama milioni 12. Tuseme ukweli pia, mambo hayakuanzia kwenye meza ile: watu wa Poland walikuwa wametolewa makwao kwanza na utawala wa Hitler.

Tukiwa bado tumesimama, bibi mmoja alitusikia tukiongea Kiswahili, akauliza kwetu ni wapi. Tukamwambia Congo, halafu Tanzania, halafu hapa. Akasema yeye ni wa Silesia, aliletwa na treni mwaka 1946, akiwa na miaka mitatu. Akashusha mkono kutuonyesha kimo alichokuwa nacho. Tulimsindikiza mpaka kituo cha basi, taratibu, maana mguu ulikuwa unamsumbua.