Mama Aliyenyamaza: Mama na Binti Katika Riwaya ya Mlima Kenya

Wahakiki wengi wa The River Between (1965), riwaya ya Ngugi wa Thiong'o iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Njia Panda, wameisoma kama mgogoro wa binti na baba. Usomaji huo una msingi: Joshua ndiye mhubiri, na ndiye anayemkana Muthoni. Lakini hoja ya Muthoni mwenyewe haimwelekei baba peke yake. Anapomfichulia dada yake Nyambura mtoni kwamba anataka kutahiriwa, anauliza kwa nini anyimwe jambo ambalo wazazi wote wawili wamelipitia bila kuwazuia kuwa Wakristo. Anachokitamani kimo tayari katika mwili wa mama yake. Miriamu, kwa upande wake, anamhurumia bintiye na kumwogopa mumewe, na riwaya inamwacha hapo.

Kunyamaza huko kunafaa kupimwa kwa historia ya mashariki ya mlima, kuanzia Kanja na maeneo mengine ya Embu hadi Meru. Tohara ya wasichana haikuwa tukio la msichana pekee. Ilimgeuza binti kuwa mwanamke na, papo hapo, ikampandisha mama yake daraja miongoni mwa wanawake wenye kauli. Aliyeikataza, basi, aligusa heshima ya wanawake wawili kwa mkupuo mmoja.

Mwezi Aprili 1956, wakati wa Hali ya Hatari, Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru lililoshirikiana na utawala wa kikoloni, lilipiga marufuku tohara hiyo. Wasichana wakatafuta nyembe, wakaenda vichakani na kukatana wao kwa wao. Wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri". Mwanahistoria Lynn Thomas ameonyesha kwamba katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,400, wakiwamo wasichana, wanaume na wanawake, walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika kwa kukaidi amri hiyo. Ni rahisi kuuita mkasa huu uasi dhidi ya wazee, na kwa kiasi fulani ndivyo ulivyokuwa. Hata hivyo, wasichana walikuwa wakipigania hadhi waliyoiona kwa mama zao, na njia waliyoishika iliwaondoa mama hao katika usimamizi wa sherehe yenyewe. Binti alimfuata mama kwa kumpita. Haihitajiki kuutetea ukeketaji, ambao madhara yake yanajulikana na ambao sheria ya Kenya ya 2011 iliuharamisha, ili kuutambua ugumu wa uhusiano huo; tena ndio ugumu ambao Ngugi, kwa kumweka Joshua katikati ya kila jambo, hakuupa nafasi.

Nafasi hiyo ilikuja kupatikana mbali na mlima, katika riwaya ya H. R. ole Kulet, Blossoms of the Savannah (2008), iliyowahi kutahiniwa katika shule za upili za Kenya. Mazingira yake ni ya Wamaasai, na mabinti wake, Taiyo na Resian, wanakataa kile ambacho Muthoni alikitaka. Mama Milanoi naye yumo chini ya amri ya mume. Tofauti ni kwamba msimulizi anaingia moyoni mwake, akamwonyesha akisita, akijuta, kisha akitii. Msomaji wa Ole Kulet anajua kwa nini mama huyu alinyamaza. Msomaji wa Ngugi hana budi kumkisia Miriamu.