Kutoka Mpanda Kwenda Kuonja Divai

Mtu wa Mpanda anayetaka kuionja divai ya nchi yake pale inapotengenezwa hana budi kufika Dodoma. Barabara ya Tabora siku hizi ina lami na mabasi yanakwenda mbio, lakini mimi na shemeji yangu tumekubaliana kupanda treni, maana yeye magoti yamemchoka, na katika behewa mtu huweza kunyosha miguu. Tumejipa siku tatu za kukaa huko. Katika kuzipanga siku hizo tatu nimejikuta nikishughulika na historia kuliko ratiba.

Reli yenyewe haikuletwa kwa ajili yetu abiria. Tawi hili la kilometa 210 kutoka Kaliua lilifunguliwa mwaka 1950 ili kuchukua madini ya risasi ya mgodi wa Uruwira. Mgodi ulifungwa karibu na wakati wa Uhuru, reli ikabaki, na watu wa Mpanda wakaendelea kusafiri na magunia yao ya mahindi na madebe yao ya asali juu ya kitu kilichokusudiwa kubeba mawe. Mzabibu wa Dodoma nao uliletwa kwa haja isiyokuwa ya wakulima wa huko. Ulikuja kwa haja ya altare.

Tazama hata maneno yetu. "Zabibu" limetoka kwa Waarabu, na kwao ni lile tunda lililokwisha kukaushwa. "Mvinyo" tumeuchukua kwa Wareno. Lakini kanisani kwetu husikii mvinyo, unasikia "divai", na mwenye sikio la Kifaransa atalitambua mara moja. Si ajabu. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga kituo Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo leo ni Mkoa wa Katavi, na mwaka 1885 wakawaachia Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa Algeria mwaka 1868 na Mfaransa, Kardinali Lavigerie.

Sheria ya Kanisa haikubali divai ya misa isipokuwa ya tunda la mzabibu. Fikiri basi, msomaji, maana yake kwa Karema ya wakati ule. Divai ilibidi itoke pwani, miezi ya safari, mabegani mwa wapagazi. (Wabelgiji walijaribu tembo wanne wa India mwaka ule wa 1879 ili wachukue mizigo, aliyefika Karema ni mmoja tu.) Na huku misitu ya miombo imejaa mizinga, na wazee wanajua kutengeneza wanzuki kwa asali, kinywaji ambacho mimi sioni kimepungukiwa na nini. Lakini wanzuki hauingii katika kikombe cha padre.

Shemeji yangu alikuwa katekista wa kigango cha kando ya ziwa kwa miaka 31. Ameandaa altare mara zisizo na hesabu, na amewafundisha watoto habari ya mzabibu na matawi yake. Mzabibu wenyewe hajapata kuuona. Alikuwa akiwaonyesha watoto mboga, yaani mtambao wa maboga, akiwaambia, "Kitu kama hiki, ila kina shina gumu." Sasa ana miaka 78, naye ameniambia waziwazi: "Shemeji, wewe onja upendavyo. Mimi nataka kulishika shina."

Shina hilo linapatikana Bihawana, misioni iliyo karibu na mji wa Dodoma. Mapadre Wapasionisti kutoka Italia walikabidhiwa eneo la Dodoma mwaka 1935, na katika miaka ya 1950 zabibu zikapandwa Bihawana. Waitalia hawa walikuta ardhi kame, mvua za miezi michache, kisha kiangazi kirefu, na mzabibu ukaipenda. Kwao Ulaya hulala wakati wa baridi. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima huuamsha kwa kuupogoa, na huvuna mara mbili kwa mwaka. Baadaye serikali ikalichukua zao hili, ikawa na kiwanda chake, DOWICO, ambacho hakikudumu. Watu binafsi wakaja, wakiwamo Waitalia wengine waliofungua kiwanda Hombolo.

Basi mpango wangu ni huu. Siku ya kwanza Hombolo, siku ya pili Makutupora, ambako kuna kituo cha utafiti na ambako ile zabibu nyekundu ya Dodoma imepata jina lake. Tutakula kwanza, tutaanza na nyeupe ndipo nyekundu, na tutatema, ingawa shemeji anasema kutema divai ni dharau. Kila tutakapoonja nitauliza swali moja: imo zabibu ya mkulima wa hapa kiasi gani? Siulizi kwa ubishi. Sheria ya ushuru huipa nafuu divai yenye zabibu za nchini zaidi ya asilimia 75, lakini wapo wakulima walioona mavuno yao yakiozea shambani kwa kukosa mnunuzi, huku madukani chupa zimejaa. Kunywa bila kuliuliza hilo, kwangu mimi ni kunywa nusu.

Siku ya tatu ni ya Bihawana, na hapo ndipo tumebishana. Mimi nataka tufike wakati wa mavuno ya kiangazi, Agosti au Septemba, zabibu zikiwa bado mtini. Shemeji anataka wakati wa kupogoa, baada ya mavuno, kwa sababu amesikia kwamba kijiti kilichokatwa hushika mizizi kikipandwa. Nimemweleza kwamba mvua za Mpanda ni nyingi mno kwa mzabibu, majani yataota ukungu. Ameniuliza kama nimewahi kujaribu. Tumepatana mwishoni mwa mavuno, shamba moja likiwa linavunwa na jingine limeanza kukatwa, na yeye ameshatafuta kopo la kubebea udongo.