Kidachi, Kijerumani, Kigermaniki

“Kiingereza ni lugha ya Kijerumani.” Mwanafunzi akikutana na sentensi hii ana haki ya kuduwaa. Mwandishi alikusudia ukoo, lakini msomaji ameambiwa kuwa lugha ya London ilizaliwa Berlin.

Chanzo ni mkopo. Kwa Kiingereza, jina la lugha na jina la ukoo hutofautiana mwishoni tu. Tulipolichukua la kwanza likawa Kijerumani, la pili likabaki halina pa kukaa. Wajerumani wenyewe hawakanganyiki: lugha yao ni Deutsch, na ukoo una jina jingine, lililotokana na Germania ya Warumi. Hata sisi zamani tulikuwa salama. Wazee waliotawaliwa nao waliwaita Wadachi, na lugha yao Kidachi, kutokana na hilohilo Deutsch. Lau Kidachi kingedumu, Kijerumani kingekuwa huru kubeba ukoo mzima. Lakini Kidachi kimeshapitwa. Kwa ukoo nachagua Kigermaniki; wanaoandika Kijerumaniki wanaliacha jicho la msomaji liteleze.

Mzazi wa ukoo tumwite Kigermaniki Mame, kama wanaisimu wetu wasemavyo Mame-Bantu. Hakuacha kitabu, ila sura yake inaonekana kwa watoto. Penye p ya Kilatini wao wana f, na penye t Kiingereza kina th: pater na father, tres na three. Jacob Grimm aliipanga kanuni hiyo mwaka 1822, huyohuyo wa hadithi za watoto.

Tawi la mashariki limekauka. Kigothi twakijua hasa kwa Biblia aliyoitafsiri Wulfila karne ya 4. La kaskazini lina Kiswidi, Kidenmaki, Kinorwe na Kiaislandi. La magharibi ndilo lenye Kiingereza, Kiholanzi, Kiafrikana, Kifrisia, Kiyidi, na Kijerumani chenyewe. Hapa ndipo madai ya umama yanapovunjika. Kumi ni ten kwa Mwingereza, tien kwa Mholanzi, tio kwa Mswidi. Mjerumani peke yake hapo husema zehn. Tofaa ni apple, appel, äpple, lakini kwake Apfel. Aliyegeuza sauti ni Kijerumani, wenzake wakabaki na za kale. Ni ndugu aliyebadili mavazi, si mama.

Na Deutsch asili yake ni “ya watu”, lugha ya umma dhidi ya Kilatini cha makasisi. Mjerumani Wilhelm Bleek alipotafuta jina la ukoo wetu katika karne ya 19, naye aliokota neno la watu: Bantu.