Menyu ya Siri na Meseji Zilizokwama Mpakani Gisenyi

Simu za Nokia za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kama 5110 na 3310, zilikuja na menyu ambayo haikutajwa kwenye kitabu cha maelekezo: Net Monitor. Haikufunguka kwa kubonyeza tarakimu, kama *#06# inavyotoa namba ya utambulisho wa simu. Fundi aliiunganisha simu na kompyuta kwa kebo na kuiwasha kwa programu. Ikishafunguka, zilitokea kurasa kadhaa za takwimu za mtandao, na miongoni mwake hesabu za meseji. Kutokana na hesabu hizo watu wakaamini kwamba aliyeifungua menyu hiyo angeweza kuufuata ujumbe hadi unakofika. Gisenyi, mji wa Rwanda unaogusana na Goma, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, una historia inayopinga imani hiyo. Menyu ilipima mawimbi vizuri, lakini hatima ya meseji mpakani iliamuliwa na serikali na kampuni za simu, na hao menyu iliwaonyesha kwa namba ya utambulisho tu.

Meseji haitoki simu moja ikaingia moja kwa moja katika nyingine. Hupita mnarani, ikaenda kwenye kituo cha ujumbe cha kampuni ya mtumaji, ikahifadhiwa humo mpaka simu ya mpokeaji ipatikane. Namba ya kituo hicho iko ndani ya laini, na simu ikishaukabidhi ujumbe, kazi yake imekwisha. Kwa hiyo hesabu za Net Monitor zilikuwa za upande wa simu yenyewe, kama vile majaribio ya kutuma. Ukurasa wenye manufaa zaidi kwa mtu wa Gisenyi ulikuwa ule wa 11, ulioandika namba ya nchi, ya kampuni, ya eneo na ya mnara. Rwanda ni 635, Kongo ni 630. Katika mji ambao watu huvuka kwa miguu kwenye kivuko cha mpakani cha Petite Barrière na mawimbi ya pande zote mbili hayangoji muhuri wa pasipoti, tarakimu hizo tatu zilisema simu iko chini ya nchi gani, hata kama mwenye simu hajainua mguu.

Uzito wa tarakimu hizo ulionekana baada ya uchaguzi wa Kongo wa Novemba 2011. Tarehe 3 Desemba serikali ya Kinshasa iliziamuru kampuni za simu zifunge huduma ya meseji, na amri ikadumu kwa wiki kadhaa. Januari 2015, wakati wa maandamano, meseji zilifungwa tena, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 zikafungwa pamoja na intaneti. Nyakati hizo minara ya Goma ilikuwa inafanya kazi na simu za sauti zilipita. Mtu aliyeifungua menyu ya siri angekuta nguvu ya mawimbi ni nzuri, mnara unaitika, kila kitu shwari, na bado meseji haiendi. Kosa halikuwa katika simu wala hewani. Lilikuwa kwenye kituo kilichopewa amri. Dawa pia haikutoka kwenye menyu. Wakazi wa Goma walitumia laini za Rwanda zilizoshika mawimbi kutoka Gisenyi, au walivuka kabisa. Walihama kutoka 630 kwenda 635.

Msomaji anaweza kusema kwamba ripoti ya kufika, ile ambayo simu nyingi ziliitoa waziwazi kwenye mipangilio ya meseji, ilifanya kazi ya ufuatiliaji bila siri yoyote. Ni kweli, na ilikuwa bora kuliko hesabu za Net Monitor, kwa sababu ilitoka kwenye kituo chenyewe. Lakini hilo linaipa hoja nguvu: shahidi wa kweli alikuwa kituo, na kituo kikinyamazishwa, ripoti hunyamaza nacho. Mwingine atasema jina la kampuni lilionekana kwenye kioo, hivyo namba ya nchi haikumwongezea mtu kitu. Kwa matumizi ya kila siku, sawa. Kile ambacho menyu iliongeza ni sababu: kurasa zake za 3 hadi 5 zilionyesha chaneli za minara jirani na nguvu zake, fundi akaweza kutenganisha simu mbovu na simu nzima iliyo mahali ambapo mtandao wake hausikiki vizuri. Hilo lilimwokoa mteja asibadilishiwe kifaa kisicho na kosa.

Gharama za kuvuka mipaka ya namba hizo nazo hazikufuata umbali. Mwaka 2014 Rwanda, Kenya na Uganda ziliingia katika mpango wa mtandao mmoja wa kupunguza gharama za simu kati yao. Nairobi ya mbali ikawa ndani, Goma inayofikiwa kwa miguu ikabaki nje. Leo simu nyingi za Android zina menyu ya namna hiyohiyo kwa *#*#4636#*#*, na baadhi huonyesha hata namba ya kituo cha ujumbe. Anayeifungua akitafuta meseji iliyopotea aanze kwa kuuliza kituo hicho ni cha nani na kinapokea amri kutoka wapi, kwa kuwa mistari ya mawimbi iliyojaa haijawahi kujibu swali hilo.