Rejeo, Si Ardhi

Chipu ya ATmega328P yenye miguu 28 ina miguu minne inayostahili majina kabla ya mingine yote: ile inayopitisha umeme wa kuiendesha. Imeandikwa VCC, AVCC, GND, nasi tunaisoma herufi kwa herufi kana kwamba Kiswahili kimeishiwa. Mlinzi mwenzangu wa lugha, hakijaishiwa.

Nimesema miguu, si pini. Pini ni mkopo mzuri na nisingeufukuza, lakini fundi wa redio alikwisha kusema miguu ya aisi zamani, na jina lake linaonekana kwa macho.

VCC ni herufi za ukoo, si jina. C mbili zinatokana na kolekta ya transista. Kwenye chipu nyingine utakuta VDD, D ya dreini. Katika chipu za CMOS za leo upande wa juu wa umeme hauungwi hata kwenye dreini, unaungwa kwenye chanzo cha transista. Herufi zimebaki, sababu yake imeondoka. Hatuna haja ya kurithi masalia hayo.

Je, tuuite mguu wa moto? Mafundi husema waya wa moto, na neno lina nguvu. Ila chipu ikisemwa "imepata moto", hujui kama imewashwa au inaungua.

Ugavi ndilo chaguo langu. Limetoka kwenye gawa, kama ulevi ulivyotoka kwenye lewa: w imegeuka v mbele ya i, kazi safi ya Kibantu. Ndugu yake mgao tumwache nje. Mtanzania akisikia mgao wa umeme anatafuta mshumaa. Shina ni lilelile, lakini ugavi unafikisha na mgao unakata.

Sasa GND, ambapo tumekosea zaidi. Vitabu huandika ardhi, na fundi wa nyumba husema ethi. Kwa fimbo ya shaba iliyochimbiwa uani, ardhi ni neno la haki. Lakini kifaa kinachotumia betri mfukoni hakigusi udongo popote, na bado kina GND. Wengine husema hasi. Hasi iko chini ya sifuri. GND ndiyo sifuri yenyewe. Nilipenda chini, kwa kuwa ndani yake mna nchi (Waamu husema nti na tini, undugu ukasikika), lakini mguu wa chini utatafutwa chini ya chipu.

Mguu huu una kazi mbili. Mkondo ukishapita ndani ya chipu hurudi kwa njia yake. Tena volti zote hupimwa kutoka kwake: ukisema volti 5, umesema 5 zaidi ya hapo. Kurudi, na kurejelea. Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachobeba yote mawili: rejea. Basi mguu huu ni rejeo. Sioni lugha ya mafundi iliyoupatia vizuri kuliko hivi.

AVCC hulisha sehemu inayopima volti za nje, na kelele za umeme huiharibia vipimo. Iwe ugavi tulivu. Kapasita ya nanofaradi 100 inayokaa kati ya ugavi na rejeo, karibu kabisa na chipu, iwe kapasita ya akiba, maana hutoa chaji pale chipu inapohitaji ghafla.

Na ngeli inatusaidia: rejeo, marejeo. Chipu hii inayo mawili, mguu wa 8 na wa 22, na yote mawili huunganishwa.