Zizi lililogeuka studio, na sisi wa Natta

Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani Natta nililala usiku mmoja tu. Kazi zetu hizi za uandishi mnazijua, ruhusa ni ya kuhesabu saa. Asubuhi, begi likiwa mgongoni na nikisubiri basi la kwenda Musoma, nikakumbuka kumwomba bibi aniimbie wimbo mmoja wa kupalilia ulezi niliokuwa nausikia utotoni. Nikatoa simu, nikaielekeza mdomoni kwake. Bibi akaniangalia, akacheka. "Mume wangu, wimbo hauimbiwi mtu anayesubiri gari. Kaa kwanza." Basi likapiga honi barabarani. Nikaondoka bila wimbo.

Maneno hayo mawili, "kaa kwanza", yamenisumbua tangu siku ile. Nilipoanza kusoma historia ya kurekodi muziki, nikagundua kuna watu waliojenga jina kubwa duniani kwa kuyafuata, tena kijijini, tena kwenye zizi la ng'ombe. Ngoja niwasimulie, halafu tutarudi Natta.

Huko Wales, jirani na mji mdogo wa Monmouth, kuna kijiji kinaitwa Rockfield. Ndugu wawili, Kingsley na Charles Ward, walikuwa vijana wa familia ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Walipenda rock and roll kuliko kukamua. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaanza kurekodi nyimbo zao na za rafiki zao darini mwa nyumba ya shamba. Kuzuia kelele walitumia mifuko ya chakula cha mifugo! Ng'ombe waliendelea kukamuliwa kama kawaida. Mwaka 1963 wakawa na studio hasa, na mwaka 1965 wakafanya jambo ambalo halikuwa limezoeleka: wakawawekea wanamuziki vitanda na chakula. Unakuja, unalala, unakula, unarekodi mpaka kazi iishe. Ndiyo maana Rockfield inatajwa kuwa studio ya kwanza duniani ya kulala hapo hapo.

Unaweza kuuliza, kitanda kina uhusiano gani na muziki? Kina uhusiano mkubwa. Studio za mjini zilikuwa na ratiba. Saa zikiisha unafungasha gitaa, mwingine anaingia. Shambani hakuna anayegonga mlango. Wimbo ukikataa mchana, unaujaribu usiku wa manane. Mwaka 1970 Dave Edmunds, kijana wa Cardiff, alirekodi pale wimbo "I Hear You Knocking" ukashika namba moja Uingereza. Hapo watu wakaanza kuuliza njia ya kwenda Rockfield.

Halafu sikilizeni hii, maana inatuhusu. Mwaka 1975 kundi la Queen lilifika pale. Mwimbaji wao alikuwa mtoto wa Unguja, aliyezaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Dunia inamjua kama Freddie Mercury. Kingsley Ward amesimulia kwamba Freddie aliumalizia wimbo wa "Bohemian Rhapsody" kwenye piano kuukuu, ndani ya chumba kilichokuwa cha kuwekea matandiko ya farasi. Msingi wa wimbo huo ulirekodiwa hapo shambani kuanzia Agosti 1975, na zile sauti nyingi zikaongezwa baadaye kwenye studio za London. Wimbo wa karibu dakika sita, wakati redio zilitaka dakika tatu! Wiki tisa ukakaa namba moja Uingereza. Mimi siamini kwamba wimbo wa namna ile ungeweza kutengenezwa na mtu anayeangalia saa.

Mwaka 1977 kundi la Rush kutoka Kanada lilitoa vyombo nje uani, na ndege wa shambani wakasikika kwenye wimbo wao "Xanadu". Miaka ya 1990 wakaja Stone Roses, wakakaa zaidi ya mwaka. Mwaka 1995 wakaja Oasis. Studio nyingi za aina hiyo zilikufa kompyuta zilipoingia na makampuni ya muziki yalipobana mifuko. The Manor, ya karibu na Oxford, ilifungwa mwaka huo huo wa 1995. Rockfield ikabaki.

Sasa turudi kwetu. Huku historia ilikwenda kinyume. Mwanamuziki wa kijijini hakufuatwa na studio yenye kitanda, alisafiri yeye. Bendi za mikoani zilipanda gari mpaka Dar es Salaam kurekodi Redio Tanzania, zikarudi. Na pale studio ilipomfuata mwanakijiji, haikukaa. Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alizunguka Afrika Mashariki mwaka 1950 na 1952 akiwa na gari lililobeba mitambo, jenereta likiwekwa mbali kwa waya mrefu lisiharibu sauti. Mwaka 1950, upande wa Kenya, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba "Chemirocha". Akafungasha, akaenda. Kanda zikahifadhiwa Afrika Kusini, na ilibidi kusubiri zaidi ya miaka 60 nakala zirudishwe kwa watu wenyewe.

Simlaumu Tracey. Bila yeye tusingekuwa hata na hizo. Lakini mimi na simu yangu pale mlangoni kwa bibi, tulikuwa tofauti naye kwa kipi? Wote tulikuwa na gari linatusubiri.

Tena kwetu hakuna anayeweza kusema vitanda ni jambo geni. Kuanzia Natta kuelekea hifadhini zipo kambi za watalii. Mgeni analala siku tatu kumsubiri nyumbu avuke mto, wala haoni kama anapoteza muda. Jioni vijana wanamchezea ngoma dakika chache kando ya moto, anapiga makofi, anakwenda kula. Nyumbu anasubiriwa siku tatu, ngoma yetu inapewa dakika chache! Nani atakuja alale siku tatu kwa ajili ya litungu la Wakurya au nyimbo za bibi zetu za Kinatta? Na kwa nini tusubiri mgeni, wakati tuna nyumba, tuna ugali, na siku hizi mashine ya kurekodi inaingia kwenye begi la shule?

Vijana wa Rockfield hawakuwa na mtaji wa ajabu. Walikuwa na dari, mifuko ya chakula cha mifugo, na uvumilivu wa kumwacha mtu akae. Sisi tumepungukiwa hicho cha tatu tu.

Nimeomba likizo ya wiki mbili. Nitakwenda Natta wakati wa kupalilia, nitashika jembe kwanza, simu nitaitoa baadaye. Bibi sasa ana umri mkubwa, na wimbo ule sijawahi kumsikia mtu mwingine akiuimba.

Na wewe ndugu yangu, kwenu nani bado anaimba? Umekaa naye lini?